Timu imeshika mpira dakika 38 halafu imepigwa, imekuwaje?

Swali kwa kifupi: ndugu mmoja aliyeko Texas, ambaye ameanza kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani baada ya kuhamia huko, anasema timu anayoishabikia ilishika mpira dakika 38 kati ya 60 na bado ikapigwa 31 kwa 20. Waliowapiga walikuwa wanafunga kwa snepu tatu nne tu (snepu ni kila mara mpira unapoanzishwa) wanarudi kukaa benchi. Mwenzie kazini anamcheka, anamwambia kocha wenu wa kizamani, yeye anabisha kwamba mpira ni kumiliki. Anataka kujua nani yuko sahihi, na kama yeye ndo angekuwa kocha wa timu ya kawaida isiyo na mastaa, achague mtindo gani, wa kula saa polepole au wa kupiga haraka haraka.

Mkuu, wote wawili mnabishania kitu ambacho sicho. Dakika za kushika mpira zenyewe hazifungi wala hazizuii, na mtindo wa kula saa unafaa sana kwa timu ya aina fulani katika mechi ya aina fulani, nje ya hapo ni kujichimbia kaburi. Ila kabla sijaingia huko lazima nikutoe kwenye soka, maana naona ndo kumekuchanganya.

Kwenye soka ukimiliki mpira unaweza ukamiliki tena na tena, unaupoteza, unakaba palepale, unauchukua, mpinzani anaweza kuugusa mpira mara chache sana kipindi kizima. Huku haiko hivyo. Huku ni zamu kwa zamu, afadhali ufikirie basketi. Ukifunga, unawapa mpira. Ukishindwa kusogea yadi 10 kwenye dauni zako nne, yaani majaribio yako manne, unawapa mpira. Ukiangusha au pasi yako ikadakwa na mpinzani, zamu yako ndo imeisha hapo. Kwahiyo ukiondoa vituko vichache kama ile teke fupi ya kuanzia ambayo wapigaji wanaidaka wenyewe, timu zote mbili zinamaliza mechi na zamu sawa au zimepishana moja hivi. Hata ukae na mpira dakika 10 kila zamu, wao watapata idadi ileile ya zamu unazopata wewe.

Hapo sasa ndo wewe unasema "ukishika mpira muda wote mpinzani hafungi", na ni kweli hafungi wakati ule, lakini na wewe umejipunguzia nafasi zako. Unapokula saa humnyimi mpinzani peke yake, mnanyimana wote. Mechi inakuwa fupi kwa wote wawili.

Sasa nani anafaidika mechi ikiwa fupi? Chukua mfano wa kubuni tu, wababe wanapata wastani wa pointi 3 kwa kila zamu, nyie wanyonge mnapata 2. Mkicheza zamu 14 kila mmoja ni 42 kwa 28, mkicheza 7 ni 21 kwa 14. Pointi 14 kwenye mechi ya zamu nyingi ni mlima, wababe wakikosea mara mbili wana zamu nyingine kibao za kurekebisha. Pointi 7 ni kosa moja tu, mpira mmoja umeanguka karibu na mstari, teke moja limekosa, mmelingana. Kwahiyo mnyonge anataka mechi fupi ili bahati iwe na sauti, mbabe anataka mechi ndefu ili uwezo wake uonekane. Ukilielewa hili mengine yote utayaona mwenyewe kwenye TV.

Mfano mzuri kuliko yote nnaoujua ni Army dhidi ya Oklahoma, Septemba 2018. Army ni chuo cha kijeshi cha West Point, vijana wanaosomea kuwa maafisa wa jeshi, kwenye laini ya mbele, wale wanaosukumana mpira ukianza, mara nyingi wana kilo chache kuliko wanaokutana nao. Oklahoma mwaka ule walikuwa na Kyler Murray, kwotabeki (yule anayepokea mpira na kuongoza mashambulizi) aliyekuja kuchukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, msimu huohuo, ofensi yao, yaani upande wa kushambulia, ilikuwa inafunga toka popote uwanjani. Army wakashika mpira dakika 44 na zaidi kidogo, Oklahoma wakabaki na dakika 15, wakapata snepu 40 tu mechi nzima, timu ya kawaida inapata kama 70. Mpaka muda unaisha ilikuwa 21 kwa 21. Lainibeka wa Oklahoma (mlinzi anayesimama nyuma ya laini), Kenneth Murray, alihesabiwa takolo 28 siku ile, yaani kumwangusha mwenye mpira, hebu fikiria mtu mmoja amegongana na kuanguka mara 28, hiyo kwa wengine ni kazi ya mechi tatu.

Wanafanyaje? Wanacheza kitu kinaitwa tripo opsheni, na nakueleza taratibu maana ni akili kubwa ya wanyonge. Kwotabeki anasimama mgongoni kwa senta, yule wa katikati ya laini anayeanzisha mpira, nyuma yake kuna mkimbiaji anaitwa fulbeki, pembeni kuna wawili wengine wepesi. Mpira ukianza, anamwekea fulbeki mpira tumboni lakini hajauachia, macho yake yako kwa mlinzi wa mwisho wa laini ambaye Army wameamua makusudi wasimzuie. Yule mlinzi akimfuata fulbeki, kwotabeki anauchomoa anakimbilia nje. Akibaki nje, basi fulbeki anapewa apite katikati. Haya, kwotabeki akitoka nje anakutana na mlinzi mwingine ambaye naye hakuna aliyemzuia, akimvamia yeye, anamrushia mwenzie anayekimbia sambamba naye. Umeona ujanja? Kuna walinzi wawili hawajaguswa na mtu, wamepigwa kwa macho tu, kwahiyo Army wana watu wawili wa ziada wa kwenda kuzuia kwingine. Huhitaji majitu makubwa kuliko yao, unahitaji nidhamu na kurudia kitu kilekile mazoezini mpaka kinakaa kwenye damu.

Halafu saa. Baada ya kila snepu ofensi inapewa sekunde 40 za kuanzisha tena, na ukikimbia na mpira ukaangushwa ndani ya uwanja saa ya mechi inaendelea kutembea, wakati pasi isiyodakwa inaisimamisha. Army wanasubiri mpaka zimebaki sekunde mbili tatu ndo wanaanzisha. Snepu 10 za hivyo, hesabu mwenyewe, dakika 7 zimeenda. Na dauni ya nne ikiwa imebaki yadi moja au mbili hawapigi teke la kuwarudishia wapinzani, wanakwenda tu, kwahiyo kwenye vichwa vyao wao wanatakiwa wapate yadi mbili na nusu kwa kila dauni wakati wengine wanawaza tatu na kitu.

Ila sasa usisahau mwisho wake. Oklahoma walishinda 28 kwa 21 kwenye muda wa nyongeza. Mpango wa Army ulifanya kazi karibu yote na bado wakapigwa, na mimi sioni kama mpango ulifeli, mpango ule haukupi ushindi, unakufikisha mahali ambapo sarafu inarushwa hewani na mbabe anatoka jasho akiiangalia. Ukiwa Army dhidi ya Oklahoma hiyo ni dili nzuri sana.

Turudi kwenye timu yako. Shida ya kula saa ni pale unapokula saa halafu unapata pointi 3. Navy, ndugu zao wa jeshi la majini, mwaka 2004 kwenye Emerald Bowl, mechi ya baada ya msimu, kule San Francisco dhidi ya New Mexico walianza zamu kwenye yadi yao ya 1 wakaenda snepu 26, yadi 94, dakika 14 na sekunde 26. Robo nzima ya mechi ni dakika 15! Hiyo ni rekodi. Na iliishia kwa teke la pointi 3. Wao haikuwauma kwasababu walishaongoza, wakashinda 34 kwa 19, New Mexico walikaa benchi wanaangalia saa inakufa. Lakini hebu weka zamu ileile kwa timu iliyo nyuma kwa pointi 11 uone, umekula robo nzima umepata 3, umejizika mwenyewe kwa mikono yako.

Sasa njoo kwenye mechi ambazo watu wanazitaja kila wakibishania hili, Stanford na Oregon. Oregon ya kocha Chip Kelly, 2009 mpaka 2012, ndo ilikuwa sura ya mtindo wa haraka. Hawakusanyiki duara kupanga, pembeni mwa uwanja wanainua mabango makubwa yenye mapicha ya ajabu ajabu kama ishara, wachezaji wanatupia jicho wanaanzisha, wewe difensi, yaani upande wa kuzuia, unahema bado. Na kuna sheria moja muhimu hapo, ofensi ikibadilisha wachezaji difensi nayo lazima ipewe muda wa kubadilisha, lakini ofensi isipobadilisha, difensi ikijaribu ni kwa hatari yake, kwahiyo lile jitu lako la laini lililochoka linabaki palepale mpaka zamu iishe. Msimu wa 2010 walikuwa wanafunga wastani wa pointi 47 kwa mechi, na walikuwa wanashika mpira chini ya nusu ya muda. Kelly hakujali kabisa hesabu ya dakika, alichokuwa anahesabu ni snepu.

Stanford wao walikuwa wa kukanyaga, laini nzito, mkimbiaji mmoja, wakati mwingine laini inaongezwa majitu mengine mawili unashangaa hawa wanacheza futiboli au wanasukuma lori. Mwaka 2010 wakiwa na Andrew Luck, kwotabeki aliyekuja kuchaguliwa wa kwanza kabisa NFL, ligi ya kulipwa, walipigwa na Oregon 52 kwa 31. Mwaka 2011, na Luck huyohuyo, 53 kwa 30. Luck akaondoka, kila mtu akajua sasa itakuwa aibu, 2012 wakaenda Eugene kwa Oregon ambao hawajafungwa msimu mzima wakashinda 17 kwa 14 kwenye muda wa nyongeza. 2013 wakashinda tena 26 kwa 20.

Watu wakasema dawa ya haraka ni kula saa. Mimi sikubali, au nakubali nusu. Stanford walikuwa wanakanyaga hata 2010 na 2011, mtindo ni uleule, tena na kwotabeki bora mara kumi. Kilichobadilika ni difensi, wale kina Shayne Skov, Trent Murphy, Chase Thomas, watu wanaoweza kumwangusha mtu peke yao kwenye eneo la wazi, kwasababu Oregon walikuwa wanaishi kwa kukutengenezea mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja. Kuna tukio moja la 2012 nikiliangalia hadi leo nalirudia: Marcus Mariota, kwotabeki wa Oregon, anachomoka yadi 77, mbele yake mwenzie De'Anthony Thomas anatakiwa amzibe mlinzi mmoja tu, anampita kama hajamuona, na mlinzi huyo, Devon Carrington wa Stanford, anamshusha Mariota kwenye yadi ya 15. Oregon wakaenda mpaka dauni ya nne, wakakosa, sifuri. Kwenye mechi ya kawaida ya Oregon ukikosa hiyo unacheka tu unarudi baada ya dakika mbili. Kwenye mechi ya 17 kwa 14 hiyo ndo mechi yenyewe.

Na ile ya 2013 angalia vizuri maana inafanana na yako. Stanford walishika mpira dakika 42 na nusu. Tyler Gaffney alibebeshwa mpira mara 45 akapata yadi 157, ukigawanya ni yadi tatu na nusu kila safari, yaani hakuna cha kutisha pale, ni kuchosha tu. Wakawa wanaongoza 26 kwa 0 robo ya mwisho. Lakini hizo 26 zilikuwa tachidauni mbili tu (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho, 7 pamoja na teke la nyongeza) na mateke manne ya pointi 3, na teke lingine wakazuiwa Oregon wakakimbia nalo wakafunga. Oregon wakarudisha pointi 20 ndani ya robo moja. Dakika 42 zote hizo, na bado dakika za mwisho mashabiki wa Stanford walikuwa wameshika vichwa. Mwaka uliofuata Oregon wakawapiga 45 kwa 16 na stori ya dawa ikaisha kimyakimya.

Jambo jingine ambalo mnalichanganya nyie wawili, mnadhani kukimbia na mpira ndo polepole na pasi ndo haraka. Hapana bana. Januari 1996 kwenye Fiesta Bowl, Nebraska ya Tom Osborne, wakimbiaji wa kutupwa, walikutana na Florida ya Steve Spurrier waliokuwa wanarusha mpira kila mahali. Ilikuwa 62 kwa 24, Nebraska yadi 524 za kukimbia, na tukio linalokumbukwa ni kwotabeki Tommie Frazier anakimbia yadi 75 watu wanamning'inia anawakung'uta mmoja mmoja mpaka mwisho. Hiyo ni snepu moja! Michigan hivyohivyo, msimu wa 2023 kule Penn State walimaliza mechi kwa kukimbia snepu 32 mfululizo, kwotabeki wao alirusha pasi 8 tu mechi nzima, watu wakasema hii ni futiboli ya babu, halafu kwenye fainali ya Januari 2024 dhidi ya Washington, ambao ndo walikuwa wa kurusha mbali, Donovan Edwards akafunga kwa mbio za yadi 41 na yadi 46 robo ya kwanza. Wakashinda 34 kwa 13. Yaani timu inayokimbia ikiwa nzuri kweli nayo inafunga haraka, ile ya yadi tatu tatu ni matokeo ya siku ambayo mlango haujafunguka.

Na upande wa pili pasi fupi fupi zinakula saa vizuri tu. BYU ya LaVell Edwards, mabingwa wa 1984, walijenga chuo kizima juu ya pasi za yadi sita saba zinazodakwa.

Halafu kuna mtego wa takwimu. Timu inayoongoza ndo inakimbia na mpira robo ya mwisho kumaliza saa, kwahiyo ukiangalia mwisho wa mechi unakuta mshindi ana dakika nyingi unasema ahaa, kumbe dakika ndo zimempa ushindi, kumbe kwanza aliongoza ndo dakika zikafuata. Watangazaji wanalirudia hili kila Jumamosi inaniudhi kweli.

Suala la difensi kuchoka lipo, sibishi. Ila kinachochosha ni snepu, siyo dakika. Difensi iliyokaa uwanjani dakika 9 huku wapinzani wanasubiri saa iishe wamevuta pumzi vizuri tu katikati. Na ndo ubaya mkubwa wa mtindo wa haraka siku ukigoma, pasi tatu zote chini, sekunde 40 hazijatimia, difensi yako haijamaliza kunywa maji inaitwa tena. Houston mwaka 1990 walikuwa na David Klingler, alirusha tachidauni 11 kwenye mechi moja dhidi ya Eastern Washington, 84 kwa 21, unaweza kuamini? Wiki moja tu kabla ya hapo, wakiwa bado hawajafungwa, walienda kwa Texas wakala 45 kwa 24. Ukiwa huna cha kupunguza mwendo, mkosi ukianza unaanza wote.

Hata Nick Saban, kocha wa Alabama wakati ule, alilalamika sana miaka ile ya 2012 kuhusu hizi ofensi zisizopumzika, 2014 kukawa na pendekezo la kuzizuia zisianzishe ndani ya sekunde 10 za kwanza, likatupwa. Mwaka huohuo akamwajiri Lane Kiffin awe kocha wa ofensi na kuhamia huko huko, na timu yake ya 2020 ikampiga Ohio State 52 kwa 24 fainali. Na hii inaingia kwenye hesabu yangu ya mwanzo, Alabama ya Saban ilikuwa na watu bora karibu kila wiki, ipunguze zamu za nini?

Kwahiyo wewe kocha wa timu ya kawaida: wiki unayokutana na wababe, kula saa, nenda dauni ya nne, usiridhike na 3 ukiwa ndani ya yadi 5. Wiki unayokutana na wa saizi yako au dhaifu, kimbiza mechi, usimsaidie mnyonge kufupisha. Ukiwa nyuma kwa 14 robo ya tatu acha ukaidi, tupa vitabu vya kula saa, na hapa lazima uwe umefanyia mazoezi pasi toka mwanzo, maana timu za tripo opsheni zikiwa nyuma zinasikitisha, kwotabeki anarusha kama mtu anatupa ndoo. Na kama difensi yako haiwezi kumwangusha mtu peke yake kwenye uwazi, mtindo wowote utakaochagua utapata tabu. Kumbuka pia toka 2023 sheria ya vyuo imebadilika, zamani saa ilisimama kila timu ikipata dauni mpya ya kwanza, sasa inaendelea kutembea isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu, kwahiyo zamu zimepungua zenyewe na mnyonge amesaidiwa kidogo bila kufanya chochote.

Mechi yako hiyo ya 31 kwa 20 itafute uirudie, uchukue karatasi, uandike zamu za kila timu zilianzia wapi na ziliishaje. Pointi 20 kwenye dakika 38 mimi nahisi ni tachidauni mbili na mateke mawili ya pointi 3, na angalia hayo mateke yalipigwa dauni ya nne ikiwa imebaki yadi ngapi. Ikiwa ni yadi mbili kushuka chini na mpo nyuma, basi mwenzio kazini ana haki ya kumcheka kocha wenu, ila kwa hilo, siyo kwa kukimbia.